Mbegu ya viazi haichoki

Mkulima wa Uporoto, kule Mbeya, akivuna magunia pungufu kuliko mwaka juzi, atakuambia mbegu imechoka. Waliosoma nao wana lao: kiazi huzaliana bila jinsia, kinajinakili tu, kwa hiyo lazima kidhoofike. Nadhani wote wanakionea kiazi.

Kiazi tunachokula ni shina lililonenepa ardhini, na kila jicho lake ni chipukizi lililolala. Aina ya kiazi iitwayo Kikondo inayoota leo ina urithi uleule wa Kikondo ya misimu yote iliyopita. Kinachoongezeka ni virusi. Vidukari, wale wadudu wadogo, huvitoa mmea huu kwenda ule, vinashuka hadi kwenye kiazi, na ukikipanda vinaota nacho.

Sasa tazama tunavyovuna. Vikubwa vinashindiliwa kwenye lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kiasi) vinapelekwa Dar. Vya kati vinaingia sufuriani. Vile vidogo kama gololi vinamwagwa kwenye kona ya ghala, na vikichipua tunaviita mbegu. Lakini mmea wenye virusi ndio unaozaa vidogo vingi! Tunauza wazima, tunapanda wagonjwa, msimu baada ya msimu, kisha tunasema mbegu imezeeka. Maabara hukata ncha changa kabisa ya chipukizi, ambako mara nyingi virusi havijafika, wakaiotesha kwenye chupa. Aina ileile hurudi shambani na nguvu zake. Uzee gani huo unaoponyeka?

Wanaotetea jinsia wana hoja nzito, sikatai. Mwaka 1845 ukungu uliingia Ireland, ambako maskini walitegemea sana aina moja, Lumper. Uliouweza mmea mmoja uliweza shamba zima, na katika njaa iliyofuata walikufa watu kama milioni 1. Watafiti walipotafuta kinga waliipata kwa chavua, kwa kuchavusha kiazi chetu na viazi pori vya Meksiko.

Hata hapa kwetu kiazi huzaa kwa jinsia. Yale matunda ya kijani kama nyanya changa, ambayo watoto hurushiana (wasiyale, yana sumu), yanaweza kuwa na mbegu zaidi ya 100, na hakuna mbili zinazofanana. Kiazi kina seti 4 za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi), hivyo urithi huchanganywa kweli kweli. Ila zipande zote uone: nyingi zitatoa mimea duni kuliko mama. Mtafiti hupitia maelfu, kwa miaka, apate mmoja wa kumpa mkulima. Mwenye nusu eka hawezi kucheza bahati nasibu hiyo.

Anachoweza ni kuchomeka vijiti kwenye mashina yenye afya wakati maua yametoka, kabla majani hayajageuka njano, ayachimbe peke yake na kuyatenga mazao yake. Kazi ipo siku ya gari, kumwambia mnunuzi kwamba vile vikubwa vilivyo pembeni haviuzwi.