Kiwanja Si Mtaa

Ukiniuliza ni gemu gani ya kuigiza maisha yenye ramani bora, nitakutajia The Sims 3 ya mwaka 2009, na sijaona sababu ya kubadili jibu hilo. Humo mji mzima hufunguka kwa pamoja. Mkazi wa Sunset Valley anatoka kwake, anapita mbele ya nyumba ya jirani na kufika bustanini, nawe unamfuata kwa macho njia nzima.

Mwaka 2014 ikaja The Sims 4, ikaukata mji vipande vipande. Kila mtaa ukapewa viwanja vichache. Unaweza kuzungukazunguka nje, lakini ukitaka kuingia kwa jirani lazima mchezo usimame, usubiri kiwanja chake kifunguliwe upya. Nyumba nyingi unazoziona kwa mbali zimewekwa kupendezesha macho tu. Hazina mlango wa kuingilia wala mtu ndani.

Najua watengenezaji walichokuwa wanakimbia. The Sims 3 ililemea kompyuta kwa sababu ilifuatilia mji mzima kwa wakati mmoja, na kwenye Windows ilikuwa programu ya biti 32, isiyoweza kutumia zaidi ya GB 4 za kumbukumbu. Tunaocheza kwa laptop za mtumba tunaithamini gemu nyepesi. Lakini kilichokatwa ili gemu iwe nyepesi ni njia, na mtaa bila njia mimi siuiti mtaa.

Hapa Mwanza jambo hili halihitaji maelezo marefu. Panda Mabatini kutoka Barabara ya Nyerere. Daladala inakuacha chini, kuanzia hapo ni miguu yako. Njia haikuchorwa na mtu wa mipango miji, imefuata mawe. Jiwe likiziba, njia inapinda, na nyumba inajengwa palipobaki, msingi wa huyu ukiwa sawa na bati la yule. Anayeishi juu kabisa hana namna ya kufika kwake bila kupita kwa walio chini, asubuhi na jioni, akiwa na ndoo ya maji au gunia la mkaa. Ndiyo maana watu wa mlimani wanajuana. Mama anayekaanga mihogo kwenye kona anajua nani hajashuka leo, na mgonjwa akizidiwa usiku, wanaombeba ni walewale anaopishana nao kila siku kwenye ngazi. Mlima wenyewe umewakutanisha.

Sasa jaribu kuijenga Mabatini ndani ya The Sims 4. Barabara huruhusiwi kuigusa. Viwanja vimeshapangwa, vyote vya pembe nne, kikubwa kabisa kikiwa miraba 64 kwa 64, na huwezi kuongeza kingine pembeni. Tangu 2018 unaweza kuinua na kushusha ardhi ndani ya kiwanja, ila ukingo wake haubadiliki, kwa hiyo mlima wako unakomea mpakani. Kinachoniuma ni kwamba The Sims 2 ya 2004 ilikuruhusu kuchora ardhi na barabara zako kwenye SimCity 4, gemu ya kujenga miji, ukazileta, kisha ukapanga viwanja kandokando ya barabara hizo. Uhuru huo ulikuwepo, ukaondolewa.

Kuna mawili nawasifu kwa moyo wote. La kwanza ni Eco Lifestyle ya 2020, nyongeza ya The Sims 4, iliyowapa wakazi kura ya kuamua mambo ya mtaa wao. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa mtaa huku kwetu ataona utamu wake mara moja, ingawa ajenda zinazopasha watu joto kwenye mikutano yetu, yaani njia na mfereji, humo hazimo. La pili ni nyongeza nyingine, For Rent ya 2023, iliyoleta nyumba za kupanga: kiwanja kimoja kaya hadi 6, kila moja na mlango wake. Hatimaye wapangaji wakaingia kwenye gemu kama wapangaji.

InZOI, gemu nyingine ya kuigiza maisha iliyotoka 2025, imerudisha mji ulio wazi na magari unayoyaendesha mwenyewe. Nafurahi kuiona, ila inadai kompyuta ambayo vijana wengi ninaowafahamu hawana.

Kwa hiyo ombi langu kwa watengenezaji ni dogo: tupeni zana ya njia za miguu. Si lazima mji mzima ufunguke. Fungueni uchochoro mmoja na nyumba nne zilizopakana nao, watu wapishane humo, wasalimiane, wagombane. Wakati tunasubiri, mimi nachukua kiwanja cha 64 kwa 64, nakifanya cha kupangisha, napandisha kaya zote 6 ghorofa juu ya ghorofa, na ngazi naiweka moja tu katikati. Mwenzangu mmoja wa Igogo ananiambia niongeze ya pili nyuma, wapangaji wasisongamane. Nimemkatalia.