Kidole changu asilimia 12

Kidole changu cha kati, mkono wa kulia, kiliishia kwenye mashine ya kufungia mikate hapa Leicester. Daktari wa ukaguzi alinipima kwa adabu zote: kunja, nyoosha, bana hii karatasi. Jibu likaja kwa barua. Kwenye jedwali la Uingereza la kupimia ulemavu, kupoteza kidole cha kati chote ni asilimia 12, cha shahada 14, gumba 30. Posho ya walioumia kazini inaanzia 14. Sikupata hata peni.

Hakuna aliyeuliza nilipokuwa kwetu Mikindani, Tanzania, nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa fundi cherehani! Kwenye jedwali, fundi na mlinzi wa geti vidole vyao bei moja. Zamani ilikuwepo posho ya kufidia kipato kilichopungua, ila kwa ajali za kuanzia Oktoba 1990 haipo tena. Ukitaka kazi yako ihesabiwe, tafuta wakili umshtaki mwajiri.

Nikiwasimulia watu wa nyumbani wananicheka: "Wewe angalau umepimwa." Hawajakosea. Mdogo wangu aliangukiwa na gunia la korosho, kilo 80, kwenye ghala moja huko Mtwara (silitaji). Bega likatoka. Bosi akampa elfu hamsini ya dawa, kesho yake akaingia kibarua mwingine. Hospitali wakaandika apumzike wiki sita, basi.

Na Tanzania sheria ipo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umeanza kazi 2015, anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi kitu. Ulemavu wa kudumu unapimwa kwa asilimia: mpaka 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Nilipomweleza mdogo wangu alishangaa: "Kwani mimi mfanyakazi? Mimi si kibarua tu?" Miezi 12 ya kutoa taarifa ilikuwa imeshapita. Hapo ndipo tunapoumia sisi, kwenye hilo neno "tu".

Aliyempima ni mama. Alimpa ndoo ya maji, akamwambia aipandishe kwenye kiambaza. Ikamshinda. Akamwambia aisogeze chini kwa chini, akaweza. "Kuokota korosho utaokota," akasema, "mashine ya kupulizia dawa usahau." Msimu ule akampeleka shambani kwa shangazi.

Kisha akanipigia mimi. "Na wewe, sindano unashika?"

Nikamwambia uzi unaniponyoka.