Mahudhurio ya Uzamili: Daftari la Upande Mmoja

Kwa kawaida somo moja la uzamili katika vyuo vikuu vya Kenya huwa la saa 45. Ukiligawa vipindi vya saa tatu tatu, unapata vipindi 15. Chuo kinachodai theluthi mbili ya mahudhurio kinakuachia ukose vitano. Kinachodai asilimia 75 kinakuachia vitatu tu. Ukizidisha hapo, hufanyi mtihani. Na katika vyuo vingi mtihani ndio wenye alama 60 kati ya 100, kazi za muhula zikibeba 40, na alama ya kupita uzamili ni 50, si 40 kama ilivyo kwa shahada ya kwanza. Kwa hiyo hata ukizoa zote 40 za muhula, bila mtihani umeanguka.

Nimemwona mtu akiangushwa na hesabu hiyo. Tulikuwa tisa darasani, wengi wetu walimu, tukisoma wikendi Mombasa. Mimi nikitoka Malindi, kilomita kama 120, napanda matatu ya alfajiri Jumamosi na kurudi Jumapili usiku. Mwenzetu mmoja alikuwa akitoka Faza, kisiwani Pate. Kwake kipindi cha Jumamosi kilianza Ijumaa kabla ya jua kuchomoza, tena baada ya kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Boti huondoka kwa kufuata maji, maana mlango wa bahari wa Mkanda maji yakipwa haupitiki. Akishuka Mokowe, upande wa bara, anapanda basi linalopita Witu, Garsen na hapa kwetu Malindi, na njiani kuna vizuizi vya usalama tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014. Upepo wa kusi ulipochafua bahari, hakusafiri. Mwisho wa muhula alikuwa na saini tisa, zilitakiwa kumi. Kazi za muhula alikuwa na 34 kati ya 40, na hakuna kati yetu aliyemfikia. Akaambiwa arudie somo mwaka uliofuata na karo yake alipe upya.

Ningeweza kuishia hapo nikasema kanuni ifutwe. Siwezi, na sababu ni yeye yuyo huyo.

Jumamosi moja nilikuwa nikiwasilisha pendekezo langu la utafiti kuhusu wavuvi wa Mayungu. Nilikuwa na majedwali, nilikuwa na orodha ya vyombo na wenye vyombo, nikijiona nimemaliza. Akanyoosha mkono akaniuliza: “Na Wapemba wanaokuja dago na kaskazi, umewaweka wapi?” Sikuwa nimewaweka popote. Orodha niliyoitegemea ilikuwa ya wavuvi wenyeji walioandikishwa, nami nilitaka kupima samaki wanaovuliwa mwaka mzima. Wavuvi wa dago huhamia pwani ya wengine miezi kadhaa, wanavua, wanauza, wanarudi kwao. Bila wao, takwimu zangu za miezi ya kaskazi zingekuwa za uongo. Alijua kwa sababu amezaliwa na kukulia kwenye kisiwa cha wavuvi. Swali lile halikuwa kwenye kitabu chochote nilichoazima, na wala asingeniandikia kwa barua pepe, maana lilizuka pale pale nilipolibandika jedwali ukutani.

Hii ndiyo hoja ya kweli ya wanaotetea mahudhurio, na mara nyingi hawaisemi vizuri. Wao husema nidhamu, heshima, taratibu za seneti ya chuo. Lakini darasa la uzamili lina watu wachache, na kila mmoja ni sehemu ya somo la mwenzake. Wakikosa watatu kati ya tisa, mjadala umekufa. Mhadhiri anabaki kusoma maandishi yake. Anayekosa anawapunguzia na waliofika. Nikiwa mwalimu wa sekondari najua pia kwamba kanuni ikilegezwa wa kwanza kutoweka si mtu wa Faza. Atatoweka anayekaa mtaa wa pili.

Kinachonisumbua ni namna tunavyohesabu. Karatasi ya saini ilikuwa ikizungushwa dakika kumi baada ya kipindi kuanza. Ilipofika mwisho wa meza, wapo waliochukua simu zao wakatoka nje na hawakurudi hadi saa ya chai. Wengine walisainiana. Wote hao walivuka kumi bila taabu. Saini inathibitisha kwamba mkono ulifika, basi.

Katika hili Lamu ina cha kutufunza, kwa sababu elimu ya juu ya kukaa mbele ya mwalimu imekuwako huko kabla ya chuo kikuu chochote cha Kenya. Kwenye darsa za msikitini, kama za Riyadha alizoziasisi Habib Saleh, huwezi kudai umekisoma kitabu kwa sababu unacho nyumbani. Unakisoma mbele ya sheikh, unarekebishwa, unaulizwa, na ijaza, yaani idhini ya kukifundisha, ni ya kile ulichokisoma kwake. Hakuna mahali panapothamini kuhudhuria kuliko hapo. Lakini kipimo ni kitabu kukhitimu. Mwanafunzi aliyezuiwa na safari au ugonjwa anaendelea pale alipoachia. Na sheikh naye yupo. Darsa haina siku ambayo mwanafunzi anahesabiwa na mwalimu hahesabiwi.

Katika vyuo vyetu mambo ni kinyume, na ukiingia kwenye utafiti ndipo unapoliona wazi. Masomo ya darasani yakiisha, mwanafunzi anatakiwa kujaza ripoti ya maendeleo kila baada ya miezi michache: umefanya nini, umefika wapi, tia saini. Mimi nilizijaza zote. Sura yangu ya pili ilikaa kwa msimamizi tangu Februari hadi Julai, na fomu haikuwa na mahali pa kuuliza ilisomwa lini. Nisingependa kumbebesha lawama yule mzee peke yake, alikuwa na wanafunzi wengi na masomo ya shahada ya kwanza juu yake. Wahadhiri wa vyuo vya umma wana madai ya haki. Migomo ya 2017, 2024 na 2025 ilitokana na malipo waliyokubaliana na serikali yakacheleweshwa. Lakini mgomo ukiisha na wiki saba za masomo zikakunjwa kuwa tatu, asilimia 75 ya nini inayohesabiwa?

Kuna wanaosema jibu ni mtandao. Tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 tumezoea, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2023. Jirani zetu Tanzania wana Chuo Kikuu Huria tangu 1992. Mwanafunzi wake husoma alipo, na mitihani hufanyia vituoni mikoani. Kwa mtu wa Faza au Kiunga huo ni ukombozi, mtandao ukishika. Ila nimehudhuria semina za mtandaoni zenye majina kumi na mawili na sauti mbili. Jina kwenye skrini nalo ni saini tu.

Ninavyoona mimi, mahudhurio ya lazima yabaki kwenye masomo ya darasani, ila vipindi vikusanywe. Saa 45 zinaweza kufundishwa kwa wiki moja na siku mbili za likizo ya Agosti, mtu akavuka bahari mara moja akalala Mombasa, badala ya kuvuka mara 15. Mpango wa kuwafundisha walimu wakati wa likizo si mgeni. Uliyumba mwaka 2021 na 2022, likizo zilipokatwa kufidia miezi ya korona, na sasa kalenda imerudi. Alama za kushiriki mjadala ziwemo kwenye zile 40, anayetoka na simu asizipate. Aliyepungukiwa kwa sababu inayothibitika apewe kazi ya kufidia kabla ya mtihani, si bili ya karo. Na kwenye utafiti, fomu ya maendeleo iwe na safu mbili: tarehe mwanafunzi alipowasilisha, na tarehe msimamizi alipoirudisha kazi ikiwa na maoni.

Mwenzetu wa Faza alilirudia somo, akapita. Sasa yuko kwenye utafiti, na sura yake ya tatu iko kwa msimamizi tangu kabla ya Ramadhani.