Shushushu wa ubalozini tunamwonea

Juzi tuko kwenye kahawa karibu na Mnara wa Saa, ikapita Land Cruiser yenye namba za CD, yaani za gari la ubalozi, mzee mmoja akasema hao wote ni mashushushu, wamejificha ubalozini kama chawa kwenye mshono. Watu wakacheka. Arusha hii yenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika na mikutano isiyoisha ya ukumbi wa AICC, stori hiyo haikosi wasikilizaji. Na hoja yao naielewa, mtu anajitambulisha ni wa uchumi au utamaduni kumbe anachimba siri za wenyeji, huo si uongo? Ni uongo ndio.

Ila mi naona uongo huu una nafuu yake. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamkataza mwanadiplomasia kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwenyeji, lakini huohuo unasema asikamatwe, halafu ibara ya 9 inamruhusu mwenyeji kumkataa muda wowote bila kueleza sababu. Hapo kwenye "bila kueleza sababu" ndo napapenda, maana serikali haiendi mahakamani, haimwagi siri zake kutafuta ushahidi, inasema tu huyu hatumtaki, anapanda ndege yameisha. Uingereza mwaka 1971 iliwaondoa Wasovieti 105 kwa mpigo na vita haikutokea. Yule anayeingia kwa jina la bandia bila kinga yoyote, akidakwa ni jela na kelele za nchi mbili.

Na maisha yenyewe jamani. Mchana anafanya kazi za ubalozi kama wenzake, usiku ndo anaanza kazi iliyomleta, akisifiwa hawezi kumsimulia hata jirani. Bomu la Nairobi la 7 Agosti 1998 liliua wafanyakazi wawili wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, Tom Shah na Molly Hardy, waliofahamika kama watu wa ubalozi tu, na ikapita zaidi ya miaka 10 ndipo ikasemwa hadharani walikuwa wa wapi. Kule Langley, makao makuu ya CIA, kuna ukuta wa nyota za waliokufa kazini, nyingine hadi leo hazina jina. Zaidi ya miaka 10! Msiba wa kwetu watu wanasimama wanasoma wasifu wa marehemu toka shule ya msingi, sasa we fikiria wasifu wenye shimo katikati.

Kinachonisumbua ni mwanadiplomasia wa kweli. Januari 1965 Frank Carlucci, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Zanzibar, aliongea kwa simu na mwenzake Robert Gordon wa ubalozi wao Dar, wakataja "risasi" wakimaanisha hoja za kuwashawishi wakubwa wao, waliosikiliza wakaelewa silaha, wote wawili wakafukuzwa. Carlucci alikuwa mtu wa wizara ya mambo ya nje. Basi 1978 akawa naibu mkurugenzi wa CIA, kamweleze mtu leo kwamba ile 1965 walikosea! Hasara hiyo inatoka kwenye kificho moja kwa moja, siwezi kuipunguza. Na raia wa hapa anayempa shushushu habari, yeye kinga hana, ndege ya kupanda hana.

Bado kama ni lazima wawepo, bora huyu wa CD ambaye serikali inajua anakaa nyumba gani. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza na wewe unalipwa na nani.