Acheni Vinu vya Kale Visage

Kilichonisukuma kuandika makala haya ni kibao kilichotundikwa kwenye kamba, mlangoni mwa kinu cha kale cha kusaga nafaka kwa nguvu za maji, ndani ya hifadhi moja ya mashambani ambako familia humiminika kila mwisho wa juma. Kibao hicho kiliwaruhusu wageni kupiga picha wakiwa nje, basi. Gurudumu lilikuwa limesimama, sehemu yake ya chini imefunikwa na kuvumwani, na mfereji uliopaswa kulipelekea maji ulikuwa umezibwa kwa ubao. Watoto walisimama mbele yake kwa muda wa kupigwa picha, kisha wakakimbilia bembea, na wazazi wakawafuata. Siwalaumu hata kidogo, kwa sababu hawakuonyeshwa kitu chochote cha kuwafanya wabaki.

Kinu ni mashine, na mashine hujieleza inapofanya kazi. Mtu anayehifadhi kuta, paa na gurudumu lakini akazuia maji yasipite amehifadhi jengo; kinu chenyewe amekiacha kife. Ninasema hivyo kwa uchungu kwa kuwa nimewahi kuingia katika kinu kinachosaga, nikaona watoto waliokuwa wakilalamika kwamba wamechoka wakisimama kimya, macho yamekodolewa, wasitake kuondoka.

Hebu fikiria wanachokiona. Lango la maji linapofunguliwa, gurudumu halianzi mara moja. Husita, visanduku vyake vya juu vikajaa, kisha uzito wa maji ukalishusha upande mmoja, na jengo zima likaanza kutetemeka chini ya miguu. Ndani, magurudumu ya meno hupokezana mwendo hadi jiwe la juu lizunguke juu ya jiwe la chini ambalo halisogei. Nafaka hushuka kutoka kwenye sanduku kubwa lenye mdomo mwembamba na kuingia katika mlizamu wa mbao ulioinama kidogo. Katikati husimama mti wa chuma wenye pembe, ambao hugongagonga mlizamu huo kila unapozunguka, na kila pigo huangusha punje kidogo katika tundu la jiwe. Maji yakiongezeka nguvu, jiwe huenda kasi, mapigo huzidi, na nafaka huongezeka. Maji yakipungua, nafaka nayo hupungua. Hakuna umeme wala kompyuta inayoamua jambo hilo. Mtoto akisikia zile kelele za kugongana na akaonyeshwa punje zinavyoruka kwa kuzifuata, ameelewa namna mashine inavyoweza kujirekebisha yenyewe, na ameelewa kwa masikio na macho yake kabla ya mwalimu yeyote kumwandikia neno ubaoni.

Kisha unga hutoka, nao huwa na joto kiasi. Msagaji huuchukua na kuusugua kati ya kidole gumba na cha shahada ili ajue kama mawe yamekaribiana mno au yameachana. Katika vinu vingine hufungwa kengele ambayo hulia nafaka inapokaribia kwisha, kwa sababu mawe yakigusana bila nafaka kati yake huharibika na huweza kutoa cheche. Mambo haya yote hayawezi kuingia katika picha ya gurudumu lililosimama.

Wanaotetea kamba na vibao husema kwamba kinu kikisaga kitachakaa. Ni kweli kwamba michirizi ya mawe hulika na lazima ichongwe upya, na meno ya mbao huhitaji kubadilishwa. Lakini gurudumu la mbao lililoachwa bila kuzunguka nalo huharibika, tena vibaya zaidi: sehemu ya chini hubaki imelowa na kuoza, sehemu ya juu hukauka na kupasuka, uzito wa pande zote haulingani tena, na siku mtu akijaribu kulizungusha huyumba na kuvunja vingine. Uholanzi walilitambua hilo mapema. Chama cha wasagaji wa kujitolea kilianzishwa huko mwaka 1972 ili kufundisha watu wa kawaida kuendesha vinu, na mwaka 2017 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliiorodhesha kazi ya msagaji wa vinu vya upepo na maji kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Kilichoheshimiwa hapo ni ujuzi wa mikono, na ujuzi hauhifadhiki kwa kufungiwa mlango. Hata pale Kinderdijk, kijiji cha Uholanzi penye vinu 19 vya upepo vilivyojengwa kwa ajili ya kuondoa maji mashambani na si kusaga, mgeni huingia ndani ya vinu kadhaa na kuona jinsi familia za waendeshaji zilivyoishi kando ya mitambo hiyo.

Mfano ulio karibu zaidi na ninachokidai uko Indiana, Marekani, katika hifadhi ya jimbo iitwayo Spring Mill. Kinu chake cha mawe kilijengwa mwaka 1817, maji huletwa kwa mfereji wa mbao uliopandishwa juu ya nguzo, na bado husaga mahindi mbele ya wageni. Ikiwa jengo lenye zaidi ya miaka 200 linaweza kufanya hivyo, sioni kwa nini mengine yaliyo madogo kwa umri yachukuliwe kuwa dhaifu mno.

Ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba usalama si kisingizio kitupu. Magurudumu ya meno hunasa nguo na vidole, na vumbi la unga likijaa hewani huweza kulipuka. Kiwanda kikubwa cha unga cha Washburn, katika mji wa Minneapolis, Marekani, kililipuka mwaka 1878 na kuua watu 18. Lakini kile kilikuwa kiwanda kizima kilichojaa mashine, na kinu kidogo kinachosaga kapu moja kwa ajili ya wageni, chenye uzio mbele ya mitambo na msagaji anayesimamia, hakipaswi kupimwa kwa kipimo hicho. Ukame nao upo, na siku ambayo mto hauna maji hakuna wa kulaumiwa.

Mbao za maelezo zenye aya ndefu zinazosomwa na watu wazima pekee zipunguzwe. Bembea zisijengwe pembeni kabisa mwa kinu, kwa kuwa hakuna mtoto atakayechagua kusikiliza akiwa anaziona.

Ombi langu kwa wasimamizi wa hifadhi hizi ni dogo: saa za kusaga zitangazwe langoni, hata kama ni saa moja tu kwa juma, na awepo mtu anayejua kufungua lango la maji na kujibu maswali. Kwa wazazi, kabla ya kulipa kiingilio, ulizeni kwanza kama kinu kitasaga siku hiyo. Mkijibiwa kwamba hakisagi, ulizeni tangu lini na kwa nini, na mngoje jibu.