EPO na kulinda ubongo: wazo limekufa au ni dawa tu iliyofeli?

EPO wengi tunaijua kwa njia mbili. Kama una ndugu anayesafishwa damu kwa ajili ya figo umeiona ile sindano anayochomwa ili damu ipande, au umeisikia kwenye habari za wanariadha waliofungiwa, wakiwemo wa Kenya. Ni homoni, jina lake refu ni erithropoetini, figo ndo zinaitengeneza na kazi yake ni kuuchochea uboho utoe chembe nyekundu za damu. Ile ya maabara iliruhusiwa Marekani 1989 na imewapunguzia sana wagonjwa wa figo shida ya kuongezewa damu kila mara, hapo hamna ubishi.

Ubishi uliwaka 2000. Michael Brines na Anthony Cerami, watafiti wawili wa Marekani, walitoa utafiti kwamba EPO ikichomwa mwilini inapenya mpaka kwenye ubongo, na panya waliosababishiwa kiharusi wakipewa wanaumia kidogo kuliko wenzao. Cerami si mtu wa kubahatisha, ndo yule aliyejiuliza kwa nini ng'ombe wenye nagana wanakonda mpaka wanakufa wakati vijidudu kwenye damu ni vichache, na swali hilo likaipeleka timu yake mpaka kwenye TNF, protini inayochochea uvimbe mwilini, ambayo leo kuna dawa kibao za kuizuia.

Alafu 2002 Hannelore Ehrenreich na wenzake kule Göttingen, Ujerumani, wakajaribu kwa wagonjwa 40 wa kiharusi, waliopewa EPO wakaendelea vizuri kuliko wasiopewa. Matumaini yakapanda kweli kweli. Kwaiyo wakafanya kubwa, wagonjwa 522, majibu yakatoka 2009 na yanauma: faida haikuonekana, na waliokufa ni asilimia 16.4 upande wa EPO dhidi ya asilimia 9 upande mwingine. Ehrenreich anajitetea kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamepewa pia dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda na huenda hizo dawa mbili zinagombana. Inawezekana, ila ukianza kuwagawa wagonjwa makundi makundi baada ya kuona majibu huwezi kukosa kundi linalokufurahisha. Na si kiharusi tu, EPO ilijaribiwa pia kulinda ubongo wa watoto njiti 941 Marekani, majibu 2020, hamna kitu, alafu vichanga 500 waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, majibu 2022, hamna kitu tena na madhara makubwa yakawa mengi zaidi kwa waliopewa.

Sasa Brines na Cerami wanasema nini? Wanasema EPO ina milango miwili ya kuingilia kazini kwenye seli, kitaalamu inaitwa risepta. Mmoja uko kwenye uboho, unafunguka kwa kiasi kidogo sana cha homoni. Wa pili uko kwenye tishu iliyoumia, umeungwa na protini nyingine inaitwa CD131, huo unataka dozi kubwa kwa muda mfupi. Shida ni kwamba ukichoma dozi ya kufungua mlango wa pili unaupiga teke na ule wa kwanza, chembe za kugandisha damu zinaamka, na mgonjwa wa kiharusi ndo mtu wa mwisho unayetaka damu yake igande. Mimi naona hii hoja ina akili, inaeleza kwa nini panya mzima wa maabara apone na mzee mwenye presha na sukari adhurike.

Lakini wapo waliosema huo mlango wa pili haupo. Watafiti wa Amgen, kampuni iliyotengeneza EPO ya kwanza, walionyesha 2006 kwamba kingamwili, yaani protini za kunasia, ambazo maabara nyingi zilitumia kuitafuta risepta ya EPO zilikuwa zinashika protini zingine kabisa, na 2010 wakasema kwenye seli za neva na za moyo hawaioni risepta inayofanya kazi. Hilo ni pigo zito. Ila Amgen wana biashara ya kulinda, na Brines na Cerami nao walianzisha kampuni yao, Araim, kwaiyo kila upande una mfuko wake hapa na mimi simkubali yeyote kwa neno lake tu.

Nilipofika mimi ni hivi, kumchoma mgonjwa wa kiharusi EPO ya kawaida hapana, tafadhali, kama kuna mtu anakuuzia wazo hilo mzazi wako akiwa kitandani kataa. Wazo lenyewe la mlango wa pili bado sijalitupa. Brines na Cerami walitengeneza kipande kidogo cha kuiga EPO, amino asidi 11 tu, kinaitwa ARA 290, hakipandishi damu kabisa. Kimejaribiwa kwa wagonjwa 64 wa sarkoidosi, ugonjwa wa kinga ya mwili unaoleta vivimbe kwenye viungo kama mapafu, walioharibika neva ndogo, siku 28, na kwenye dozi ya kati neva za kwenye konea, ile tabaka angavu ya mbele ya jicho, zilionekana kuongezeka. Watu 64 ni wachache na siku 28 ni chache mno, ila jaribio hilo hilo likirudiwa na watu wasio na hisa yoyote Araim, majibu yake nitayasoma siku hiyo hiyo.