Mpwa Wangu Ameiua C

Jana jioni mpwa wangu, ambaye yuko likizo kutoka chuoni, alinitangazia msiba mezani kwangu huku akichambua miiba ya mgebuka: "Mjomba, C imekufa." Nilikuwa nimemweleza tu, kwa utulivu wa mtu mzima anayetafuta kipato cha pili baada ya kodi ya fremu kupanda tena, kwamba nataka kujifunza kuandika programu za kompyuta na sijaamua nianze na lugha ya C au ya Rust.

Nilimuuliza marehemu alizikwa lini, maana C, iliyoundwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo iliyotumika kuandika sehemu kubwa ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, na kiini hicho ndicho kinachoendesha simu ya Android ambayo yeye aliishika kwa mkono wa kushoto, ikila bando langu, huku mkono wa kulia ukila ugali wangu. Alichovya tonge kwenye mawese, akatafuna kwa mwendo wa profesa, kisha akanijibu kwamba tangu Desemba 2022 kiini hicho nacho kimeanza kupokea Rust. Nikamwambia kilichoanza hakijamaliza. Akasema hata Ikulu ya Marekani ilitoa ripoti, Februari 2024, ikiwahimiza waandishi wa programu wahamie lugha zinazolinda kumbukumbu ya kompyuta, kama Rust. Nikamwambia Ikulu ya Marekani hainilipii pango hapa Mwanga, Kigoma.

Ndipo alipoivuta kompyuta yangu, bila kunawa, akapakua Rust kwa bando lilelile hadi likakata roho. Aliandika kwanza programu fupi ya C inayosoma kipengele cha kumi katika orodha yenye vipengele vitano. Kompaila, yaani programu inayogeuza ulichoandika kiwe lugha ya mashine, ikaipitisha bila neno, nayo ikatoa namba ambayo hakuna kati yetu aliyeiweka. Alipoandika hiyohiyo kwa Rust, kompaila iligoma na kueleza kosa liko mstari gani. "Umeona, mjomba? Hii inakukataza kabla hujaharibu." Niliona, ila nilichoona zaidi ni mawese yakishuka katikati ya vitufe. Nilipouliza lugha yenye ukali wa namna hiyo ilitokea wapi, alinieleza kwamba Graydon Hoare aliianza mwaka 2006 baada ya kurudi nyumbani na kukuta lifti imeharibika kwa hitilafu ya programu, naye akiishi ghorofa ya 21. Mimi nimepanga nyumba isiyo na hata ngazi.

Mama watoto alisema nijifunze ile itakayolipa ada. Jirani aliyesikia kupitia ukutani alileta sabufa yake niitengeneze.

Mzee wa fremu ya pili aling'ang'ania kwamba cha kale ndicho chenye pesa, na nusura anishawishi, kwa sababu ni kweli kwamba Aprili 2020 gavana wa New Jersey alitafuta hadharani watu wanaoijua COBOL, lugha iliyobuniwa mwaka 1959, mifumo ya mafao ya wasio na ajira ilipozidiwa. Lakini yule gavana alikuwa anaomba watu wa kujitolea. Kama ni kazi ya kujitolea, mbona hapa Kigoma ninayo tele, na sikuhitaji kusoma chochote ili niipate?

Asubuhi hii nimeamka kabla ya umeme kukatika, nikiwa nimeamua kuanza na C kwa kuwa kompaila yake tayari ninayo na haiombi bando. Nimegundua kitufe cha nukta mkato kimeganda kwa mawese. C bila nukta mkato haiendi. Rust nayo inaidai. Fundi wa kibodi amesafiri kwenda Kasulu. Mpwa wangu, alipoona ninavyokigongagonga, akasema kwa upole kabisa, "Basi, mjomba, jifunze Python, yenyewe haihitaji hiyo," kisha akaniomba nauli ya kwenda Ujiji.